Pipa la Mama Mkwe

Mtu akimtengenezea mama mkwe wake kitu kwa mikono yake mwenyewe, hata kama ni kigoda tu, roho haitulii mpaka asikie kimekaliwa na hakikuvunjika. Sasa fundi bati mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo, alimtengenezea mama mkwe wake pipa la nafaka. Pipa zima, la bati jipya, kimo cha mtu, lenye mfuniko juu na mdomo mdogo chini wa kutolea mahindi. Alilifua wiki baada ya wiki, akiiba saa katikati ya ndoo na makarai ya wateja, na lilipokamilika aliling'arisha mpaka likawa unaweza kunyolea ndevu mbele yake.

Alilipeleka kwa mkokoteni, mkewe akitembea kando amembeba pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Mama mkwe alikuwa mlangoni anawasubiri. Alikuwa mjane, mkulima hodari na mfugaji wa batamzinga, mwenye maneno machache kwa wakwe na maneno mengi sana kwa batamzinga. Alilizunguka pipa, akaligonga kwa kidole, likaitika.

"Mkwe wangu," alisema, "umenitoa kimasomaso."

Nyundo alitazama chini kwa furaha. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kusikia sentensi ndefu namna ile kutoka kwa mama yule.

"Tuliweke wapi, Mama?"

"Hapo." Mama mkwe alinyoosha mkono katikati ya ua, mbele ya mlango, mahali ambapo jua hufika asubuhi na haliondoki mpaka linazama. "Watu wapite, walione."

Nyundo alijua jinsi bati na jua vinavyopatana. Viganja vyake vilikuwa na alama za kuungua. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Mkwe hamkosoi mkwe, tena mbele ya majirani waliokwisha kusogea kuangalia. Jioni ile ile, mahindi yalipoanza kumiminwa ndani, alitumbukiza mkono kwenye gunia moja akahisi kaubaridi kalikomwambia kuwa mahindi yale hayajakauka sawasawa. Mvua ndogo ilikuwa imepita juzi yake. Akafungua mdomo tena. Akaufunga tena.

"Unataka kusema nini?" mkewe alimnong'oneza.

"Hakuna."

"Una sura ya mtu aliyemeza kijiko."

"Nimesema hakuna, Mama Pacha."

Basi pipa likabaki uani, linameta, na watu wakapita wakaliona. Mchana lilipata moto hata paka hakuthubutu kulala juu yake. Usiku lilipoa likawa kama chuma cha kisimani. Hivyo hivyo, moto na baridi, moto na baridi, miezi ikaenda.

Kisha mkewe akarudi kutoka kwa mama yake siku moja, amepigwa na butwaa.

"Batamzinga wa Mama wanakufa."

Nyundo aliacha mkasi wa bati juu ya meza, wakaenda wote. Walimkuta mama mkwe amechuchumaa katikati ya ndege wake. Wengine walikuwa wamelala upande, mbawa zimeshuka. Wachache waliosimama walipepesuka kama watu waliotoka kilabuni. Dume kubwa, ambalo mama mkwe alilipa jina la Balozi kwa jinsi lilivyotembea limeinua shingo, lilikuwa limeegemea ukuta, shingo imelala begani.

"Wamekula nini, Mama?" binti yake aliuliza.

"Wamekula nilichowapa. Mahindi yangu."

Nyundo aliweka ngazi, akapanda, akafungua mfuniko wa pipa. Harufu ilimpiga usoni, harufu ya chumba kilichofungiwa nguo mbichi. Upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa na matone ya maji, yamejipanga kama jasho juu ya paji la uso. Mahindi ya juu yalikuwa yameshikana mabonge, yamevaa unga wa kijani na manjano. Yeye alikuwa wa kwanza kuyaona, kwa sababu mama mkwe alizoea kuchota kwa mdomo wa chini, na wiki ile tu, mdomo ulipoziba, ndipo alipomwambia jirani apande jioni gizani amchotee ya juu kwa ajili ya ndege.

Alishuka. Mama mkwe alipanda mwenyewe, akaangalia kwa muda mrefu. Aliposhuka hakumtazama Nyundo. Alimtazama binti yake.

"Mwambie mumeo," alisema, na mume huyo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, "mwambie mumeo aje achukue pipa lake. Limeua ndege wangu."

Wakarudi nyumbani. Walipofika, Mama Pacha alisimama mlangoni mwa jiko, akaganda. Kwenye kona kulikuwa na mfuko wa mahindi, umefungwa kwa kamba.

"Mama alitupatia haya juzi," alisema. "Nilikuwa niyapeleke mashineni kesho. Ni ya uji wa watoto."

Pacha mmoja alikuwa anatambaa kuelekea kwenye mfuko ule ule. Nyundo alimnyakua juu kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Alikaa sakafuni na mtoto mapajani, akaukodolea macho mfuko kama mtu anayemwangalia nyoka.

Hata asubuhi alikuwa bado anajilaumu. Mkewe alimvumilia mpaka chai ilipokwisha, kisha uvumilivu nao ukaisha.

"Ukijipiga wewe mwenyewe ndiyo mahindi yatapona? Kuna watu kazi yao ni nafaka tu. Chukua mahindi hayo, ya juu na ya chini, nenda kaulize."

Maabara ya nafaka ilikuwa ng'ambo ya soko, jengo refu la ghorofa moja lenye harufu ya ghala. Aliyempokea alikuwa mama wa makamo mwenye koti jeupe lililodondokewa chai mfukoni na sauti ya kukwaruza. Wafanyakazi wenzake walimwita Daktari wa Nafaka, naye aliitika bila kinyongo. Alimuuliza Nyundo maswali mpaka akadhani yuko polisi. Pipa lilikaa wapi? Mfuniko ulifungwaje? Mahindi yalivunwa kabla ya mvua au baada? Yalianikwa juu ya nini? Kisha akachukua sampuli, akamwambia arudi.

Aliporudi, alimkuta ameweka dirishani chupa ya kioo yenye mahindi, imefungwa, upande mmoja unapigwa na jua.

"Angalia hapa juu," alisema.

Chini ya kifuniko cha chupa kulikuwa na ukungu wa maji, na tone moja lilikuwa linajikusanya ili lidondoke.

"Hilo ndilo pipa lako. Jua linapochoma bati, mahindi ya pembeni yanapata joto, unyevu unatoka ndani yake, unapanda na hewa ya moto. Usiku mfuniko unapoa. Unyevu ukigusa baridi unageuka maji, maji yanarudi chini. Kila siku. Umeyanyeshea mahindi mvua humo humo ndani."

"Na ile kuvu?"

"Ile mbegu yake iko kila mahali, hata shambani. Inasubiri tu. Ikipata joto, ikapata unyevu, ikapata hewa, imepata nyumba. Tena inamwaga sumu. Sumukuvu tunaiita. Huku juu imejaa kupita kiasi. Ya chini ni nafuu, lakini nayo imevuka mpaka wa usalama."

"Tukiyaosha? Tukiyachemsha sana?"

"Kuvu utaiosha. Sumu haitoki. Moto wa jikoni hauitishi." Alimwangalia Nyundo, sauti ikashuka. "Watoto wameyala?"

"Hawakuwahi. Mama mkwe ameyala, ya chini."

"Asile tena. Mwende naye hospitali wakamwangalie ini. Na haya yote yazikwe, wasipewe hata mbuzi."

"Kwa hiyo pipa langu ndilo lenye makosa."

"Pipa, jua na mahindi mabichi. Watatu hao walikula njama." Daktari wa Nafaka alicheka kidogo, kicheko cha kikohozi. "Nikwambie ukweli, fundi? Kuhifadhi kwenye bati ni wazo zuri sana. Shida, lako halikuwa pipa. Mfuniko ule unapitisha hewa kama kikapu. Ungeliziba kabisa, ukaweka mahindi makavu, ukalificha kivulini, kuvu ingekosa vyote vitatu. Ingelala usingizi mpaka mwaka mwingine."

Mahindi yalizikwa. Mama mkwe alipelekwa hospitali na binti yake, akapimwa, wakasema ini lake zima kabisa. Alirudi ana afya na hasira. Sehemu iliyobaki ya mwaka ule alikula kwa ndugu na majirani, jambo ambalo kwa mwanamke wa namna yake ni kama kutembea peku juu ya miiba. Maelezo ya maabara aliletewa na binti yake, lakini alisikia neno moja tu. Pipa.

Nyundo hakuwa na uso wa kwenda kulichukua, kwa hiyo mama mkwe akalirudisha mwenyewe. Alichagua saa ambayo soko limefurika. Mkokoteni ulikatiza katikati ya watu, pipa juu yake linang'aa, na nyuma yake mama mkwe anatembea wima kama msindikizaji wa maiti. Alilishusha mbele ya karakana na kuondoka bila kusalimia. Kabla jua halijazama lilikuwa limepata jina: Pipa la Sumu. Watu wawili waliokwisha kuagiza ya kwao walikuja kusema wamebadilisha mawazo, afadhali ndoo.

Nyundo akafua ndoo. Mara mbili tatu alilishikia pipa nyundo ili alipondeponde, apate bati la makarai. Mkewe ndiye aliyemzuia.

"Lina kosa gani bati? Kosa ni mfuniko. Daktari amekwambia kosa liko wapi halafu wewe unataka kuvunja nyumba kwa sababu ya mlango."

Maneno hayo yalimkaa. Siku iliyofuata alianza kulifungua pipa viungo. Alikunja upya kila ukingo, bati juu ya bati, akayeyusha lehemu na kuimimina kwenye mikunjo yote bila kuharakisha. Akatengeneza mfuniko mpya wa kukaza, akakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli na kuuvisha shingoni ili mfuniko uukalie. Mdomo wa chini nao akautia kizibo cha kukaza. Hapo likabaki swali moja: atajuaje kwamba hakuna hata tundu la sindano?

Njia aliyoipata ilikuwa rahisi. Mchana wa jua kali alilisogeza pipa nje, akauziba mdomo wa chini kwa kitambaa tu, akaingia ndani kupitia juu, akajivutia mfuniko kichwani bila kuukaza. Ndani giza lilikuwa totoro. Kama kungekuwa na tundu, mwanga ungeingia. Alizunguka pole pole, amekunja magoti, anatafuta nyota katika mbingu ile ya bati. Aliona moja karibu na bega lake, akaitia alama kwa msumari. Akatafuta nyingine.

Ndipo pipa lilipogongwa.

"Hodi hapa!"

Sauti ile angeitambua hata kaburini.

"Karibu, Mama," alisema, na sauti yake ilijaa pipa zima ikamrudia masikioni. "Shikamoo."

Hatua zikazunguka pipa upande huu, zikazunguka upande ule.

"Marahaba," mama mkwe alijibu hatimaye, kwa hadhari. "Uko wapi?"

"Niko humu ndani."

"Ndani ya pipa?"

"Ndiyo, Mama."

"Umejificha?"

"Hapana, Mama. Natafuta matundu. Ngoja nitoke."

Alijaribu kusimama, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, na kichwa kikagonga mfuniko kwa kishindo. Mama mkwe akaguna. Kisha kitambaa cha mdomo wa chini kikavutwa nje, na shimo la mwanga likaingia, na katika shimo hilo kipande cha uso wa mama mkwe: jicho moja na nusu ya pua.

"Tulia hapo hapo, usije ukavunjika shingo," alisema. "Nimekuja kuchukua ndoo yangu aliyoileta mkeo itiwe kitako. Binti yangu anasema hulali."

"Nalala kidogo."

"Mimi pia silali." Jicho lilipepesa. "Nimeuliza watu. Nimeambiwa mahindi hupumua. Nikasema basi ndiyo hiyo, pipa liliyaziba pumzi yakafa."

Ingekuwa ana kwa ana, Nyundo angesema ndiyo, Mama. Lakini humo gizani hakuwa na uso wa kuinamisha wala mikono ya kuficha nyuma, na jicho lile moja halikutisha kama macho mawili. Maneno yakamtoka.

"Mama, ni kweli yanapumua. Kosa langu ni kwamba sikuyaziba vya kutosha. Hewa iliingia na kutoka, kuvu ikapumua nayo. Hilo ni langu, nakuomba radhi. Lakini pipa lile halikufaa kukaa juani. Na mahindi yalikuwa mabichi. Niliyashika kwa mkono huu siku ile ile, nikajua."

"Ulijua?"

"Nilihisi, Mama."

"Ukanyamaza."

"Wewe ni mama mkwe wangu. Nitakuambiaje mbele za watu?"

Jicho likaondoka. Nyundo alidhani ameondoka zake, akaanza kujilaani. Kumbe alikuwa amekaa tu chini, amelipa pipa mgongo. Sauti yake ilipokuja ilikuwa karibu sana, imepenya bati.

"Niliyaona na mimi ni mabichi," alisema. "Nikasema yatakaukia humo, kwa kuwa humo kuna joto. Nilitaka watu walione limejaa siku ile ile." Akavuta pumzi. "Nimepoteza Balozi kwa sababu ya majivuno yangu na heshima yako. Heshima gani hiyo inayoua batamzinga?"

Nyundo hakujua kama inaruhusiwa kucheka. Kisha akasikia bati linatetemeka kidogo mgongoni mwake, akatambua kwamba ni mama mkwe ndiye anayecheka, na yeye akacheka, na kicheko chake ndani ya pipa kikawa kama cha watu kumi. Mteja aliyekuwa anapita alisimama, akamwona mama mzima amekaa chini anacheka na pipa, akaendelea na safari yake haraka.

"Mkwe," mama mkwe alisema alipomaliza kujifuta machozi. "Siku nyingine ukiniona nakosea, sema. Ukishindwa kusema mbele yangu, ingia ndani ya kitu useme."

Mavuno yaliyofuata walifanya kazi pamoja, na Daktari wa Nafaka aliwakubalia ombi lao akaja na kifaa chake cha kupimia unyevu. Mahindi yalianikwa juu ya maturubai, yakageuzwa mara kwa mara, yakafunikwa kila wingu lilipojisogeza. Mama mkwe alikuwa na kipimo chake mwenyewe, nacho ni meno. Alichukua punje, akaiuma, akasikiliza mlio wake, akatoa hukumu. Turubai la kwanza alisema tayari, na kifaa kikasema tayari, akatazama watu kama mwamuzi. La pili alisema tayari, kifaa kikakataa.

"Kimeharibika," alisema.

"Mama, tupime tena," Nyundo alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumpinga hadharani, na masikio yalimwaka moto.

Wakapima tena, pembeni na katikati. Kifaa kilishikilia neno lake. Mama mkwe aliitema punje kiganjani, akaitazama kwa masikitiko.

"Meno yanajua ganda," Daktari wa Nafaka alimwambia kwa upole. "Kilichomo moyoni hayakijui."

"Kama watu," mama mkwe alisema, na turubai la pili likaanikwa upya.

Safari hii pipa liliwekwa chumbani, upande wa nyumba usiopata jua la asubuhi, juu ya jukwaa la mbao, mbali kidogo na ukuta. Walilijaza karibu na shingo. Kisha Daktari wa Nafaka akaweka juu ya mahindi sahani ya bati, na juu ya sahani akasimamisha mshumaa mfupi, akauwasha.

"Sasa funga."

Mama mkwe alishtuka. "Moto ndani ya chakula?"

"Mshumaa utakula hewa iliyobaki huko juu, kisha utazimika wenyewe. Huo ni mwanzo tu. Mahindi yenyewe na wadudu waliojificha humo watamalizia hewa nyingine. Wadudu wakikosa pumzi watakufa, na kuvu haitapata pa kuanzia. Ila msifungue. Kila mkifungua mnairudishia hewa."

Nyundo alikaza mfuniko juu ya mpira mpaka mikono ikamuuma. Mama Pacha akaweka sikio kwenye bati kama anayesikiliza mimba.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kazi yote, yaani kungoja. Kipindi cha joto kilikuja kikali. Kila asubuhi mama mkwe alilipapasa pipa kwa kiganja, upande kwa upande, kama mtu anayempima mtoto homa. Jirani mmoja alikuja kumshauri afungue kidogo tu, yapate hewa, maana chakula kilichofungiwa hukasirika.

"Kikasirike," mama mkwe alimjibu. "Kitanyamaza kikichoka."

Lakini siku moja alimtuma mtu mbio karakanani: fundi aje, pipa lina joto upande mmoja. Nyundo alifika anahema. Ni kweli, ubavu mmoja ulikuwa wa moto. Alizunguka chumba akatafuta, mpaka akaona: jua lilikuwa limehama na majira, sasa saa za alasiri lilipenya dirishani na kulipiga pipa moja kwa moja.

"Mama," alisema, bila kuingia ndani ya kitu chochote, "dirisha hili lizibwe."

"Hilo ndilo linaloniletea mwanga wa kushonea."

"Basi utashonea barazani."

Mama mkwe alimtazama kutoka juu mpaka chini. Kisha akaenda kuleta gunia na misumari, akamshikia huku Nyundo anagongelea. Kesho yake alasiri alipapasa tena, pipa lilikuwa limepoa pande zote.

Walifungua wakati ule wa mwaka ambapo ghala za wengine zilikwisha kuanza kutoa vumbi la wadudu. Daktari wa Nafaka alikuja na bomba lake refu lenye ncha la kuchukulia sampuli. Nyundo alipolegeza mfuniko ulitoa mlio mdogo, kama mtu aliyeamshwa. Mshumaa ulikuwa umezimika ukiwa bado na nusu yake. Juu ya mahindi kulikuwa na wadudu wachache, wote wamekauka, miguu juu. Upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa mkavu. Nyundo aliupitisha kidole mara mbili kuhakikisha.

Mama mkwe alipanda ngazi mwenyewe, akaingiza kichwa chote ndani. Alikaa humo mpaka binti yake akaanza kuwa na wasiwasi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nanusa," sauti ilijibu kutoka ndani. "Niache kwanza. Yananukia shamba."

Lakini hakuna aliyekula kwa kunusa tu. Bomba liliingizwa juu, katikati na chini, mahindi yakasagwa, yakachanganywa na maji ya dawa, na Daktari wa Nafaka akatumbukiza kijikaratasi chake chembamba cha kupimia. Walingoja. Pacha mmoja aliyekwisha kujua kutembea alikuwa anazunguka pipa kwa kulishika, mwenzake nyuma yake, na hakuna mtu aliyewakemea.

"Sitawaambia hakuna kabisa," Daktari wa Nafaka alisema, amekiinua kijikaratasi kwenye mwanga. "Kuna chembe iliyotoka shambani, kama tulivyopima siku ya kuweka. Lakini haijaongezeka hata kidogo. Iko chini sana ya mpaka. Kuleni."

Mama Pacha aliketi chini pale pale, akafunika uso kwa khanga. Hakulia kwa sauti, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Mama mkwe alileta ungo. Aliukinga kwenye mdomo wa pipa, akafungua kizibo, mahindi yakamiminika kwa kishindo kizuri, naye akajaza na kufunga haraka hewa isizidi kuingia. Mchana ule ule yalisagwa. Uji aliupika yeye, akakataa kusaidiwa, akawalisha wajukuu wake mmoja baada ya mwingine, akipuliza kila kijiko. Nyundo alipewa bakuli lake pia. Kwa kawaida mkwe hula taratibu mbele ya mama mkwe, anabakiza kidogo kwa adabu. Siku ile alimaliza lote, akaomba jingine.

Wiki haikuisha, mama mkwe akatokea karakanani na wanawake wa kikundi chake cha shamba nyuma yake, wanauliza maswali yote kwa pamoja. Mmoja alitaka kujua kama mshumaa lazima uwe mweupe. Mwingine alidai lake liwe refu zaidi kwa sababu familia yake hula kama nzige. Mama mkwe alipandisha kifua, akavuta pumzi ya kuanza kuwahutubia. Kisha akaiachia polepole.

"Msiniulize mimi," alisema. "Fundi huyu hapa. Mkwe wangu, waambie. Na atakayekosea, mwambie amekosea."

Nyundo aliweka nyundo chini, akapangusa mikono. Akaanza na lililo gumu kuliko yote, kukausha. Mmoja wa wanawake alipomkatiza kusema kwamba yeye hana muda wa kuanika namna hiyo, alimjibu kwa heshima kwamba basi bado hajawa tayari kwa pipa, aje mwaka mwingine. Mwanamke akatoa macho. Mkewe, aliyekuwa anapanga ndoo pembeni, aliinamisha uso kuficha tabasamu.

Yule mwanamke alifikiri kidogo, akauliza maturubai yanapatikana wapi. Mama mkwe alikuwa ameshavua kandambili zake na kukamata ncha moja ya bamba la bati, anamngojea mkwe wake akamate ya pili.

"Unangoja nini?" alisema. "Pima, tukate."